Mbao Hupinda Kabla ya Kumfikia Fundi

Katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi nchini Marekani, fundi anayejua kazi hachukui mbao kwa kufuatana. Anainua mbao moja ya inchi mbili kwa nne, anafumba jicho moja, anaitazama kwa urefu wake, kisha anairudisha. Imepinda. Inayofuata imejisokota. Lawama zote huangukia duka, na kweli lina sehemu yake, lakini kasoro yenyewe ilianzia shambani.

Paini za kusini mwa Marekani hupandwa kwa mistari na nyingi huvunwa zikiwa na miaka 25 hivi. Gogo linakuwa bado jembamba, kwa hiyo mbao nyingi hupasuliwa karibu na kiini. Ukitazama kichwa cha mbao ya namna hiyo utaziona pete pana zikizunguka kitone cha kiini: hiyo ni sehemu iliyoota mti ukiwa mchanga. Mbao iliyokomaa, ikikaushwa kutoka ubichi hadi mwisho, hupungua urefu kwa asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Ile changa inaweza kufikia asilimia 2. Zikikutana zote mbili ndani ya mbao moja, upande mmoja unafupika kuliko mwingine, na mbao haina budi kupinda.

Muhuri wa KD19 uliopigwa kwenye mbao unathibitisha kwamba tanuri lilishusha unyevu hadi asilimia 19 au chini yake. Ndani ya nyumba yenye kipasha joto, unyevu huo hushuka hadi asilimia 8 hivi. Ukaukaji huo huanzia dukani: kanda za bunda zikishakatwa, mbao za juu hazina uzito wa kuzibana. Wateja wa asubuhi huondoka na zilizonyooka; wa jioni huachiwa masalia.

Udhaifu wa mbao changa, tofauti na kupinda, hauonekani kwa macho. Baada ya mbao za vipimo halisi kuvunjwa maabarani, viwango vya nguvu vya paini ya kusini vilishushwa mwaka 2013. Mbili kwa nne ya daraja la 2 iliyohesabiwa kuhimili mkazo wa kupinda wa pauni 1,500 kwa inchi ya mraba ikateremshwa hadi 1,100, na majedwali ya urefu wa boriti yakaandikwa upya. Ulikuwa uamuzi wa haki, ila mnunuzi wa kawaida hayaoni majedwali hayo.

Kwa ukuta wa jikoni utakaobeba makabati, afadhali kulipia daraja la juu, kukataa kila mbao yenye kiini, na kuziacha zilizobaki zimefungwa pamoja hadi siku ya kupigilia.