Mgongo wa Upinde Si Upande wa Nyuma

Hivi karibuni ilitufikia rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa kutengeneza pinde za tabaka, yaani pinde zinazoundwa kwa kuunganisha papi za mwanzi na mbao kwa gundi, kama ulivyo upinde wa Japani uitwao yumi. Tafsiri hiyo imekusudiwa walimu wa kazi za mikono wa Lukuledi, Masasi na Newala. Nia ya mfasiri ni njema, na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, istilahi mbili zatulazimu kuihakiki.

Tuanze na agizo la "kupunguza pingili". Pingili ni sehemu ya mwanzi iliyo kati ya fundo na fundo. Kinachopaswa kusawazishwa kwa tupa ni fundo, tena kwa uangalifu. Nyuzi za mwanzi zimesongamana zaidi karibu na ganda la nje. Ndiyo sababu fundi hupiga randa upande wa ndani na kuliacha ganda. Mwanafunzi atakayelitii agizo hilo ataikwangua nguvu yenyewe ya upapi.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mfasiri aagiza kwamba ganda likae "upande wa nyuma" wa upinde. Neno la Kiingereza alilolifasiri lina maana ya nyuma na ya mgongo pia, na kwa watengenezaji wa pinde hutaja upande unaoelekea shabaha. Lakini kwa msomaji wetu aliyeshika upinde, nyuma ni upande unaomwelekea yeye. Ataugeuza upapi, ganda lililostahili kuvutwa litabanwa, na upinde waweza kumvunjikia mkononi.

Hapa hatuna haja ya kukopa. Utaratibu wa kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu. Mtu akiinama, mgongo hutanuka na tumbo hujikunja. Ndivyo ulivyo upinde unapovutwa. Basi twapendekeza mgongo kwa upande unaoelekea shabaha, na tumbo kwa upande unaomwelekea mpigaji.

Kabla ya kusanifishwa, istilahi hizo zipelekwe kwa wapasuaji mianzi wasemao Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Nao wafasiri wa miongozo ya ufundi twawaomba wazisome rasimu zao mbele ya fundi mwenye kisu mkononi, ndipo wazipeleke kwa mpiga chapa.