Fundi Asiyekimbilia Spana

Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya mfereji yanatoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na kwa kuwa hayatoshi, watu wengi wanategemea visima. Maji ya kisima hupenya kwenye mwamba huo na kuumung'unya kidogo kidogo, yakaja juu yamejaa madini ya kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo maana sabuni inagoma kutoa povu, birika linajenga chokaa ndani, na matundu ya shawa yanaziba moja baada ya jingine.

Mwenye uwezo huweka mashine ya kulainisha maji: tangi refu lililojaa punje za resini, tangi la chumvi kando yake, na kichwani mwa lile refu, vali. Resini ni kazi ya wanakemia. Tangu Adams na Holmes wa Uingereza waonyeshe mwaka 1935 kwamba resini ya kutengenezwa inaweza kubadilishana madini na maji, imekuwa ikiboreshwa viwandani, na fundi wa mtaani hana la kuiongezea. Ufundi wake uko kwenye vali.

Mchana kutwa vali huyapitisha maji kwenye resini, kalsiamu ikabaki humo na sodiamu ikatoka badala yake. Resini ikishiba, lazima ioshwe. Kwa kawaida mashine hupangiwa kazi hiyo saa nane usiku, wakati hakuna anayefungua mfereji. Mota ndogo huisogeza pistoni hatua fupi. Matundu mengine yanafungwa, mengine yanafunguka. Kwanza maji hupanda kutoka chini, yakaikoroga resini na kuitoa taka. Kisha maji ya chumvi hunyonywa na kupitishwa polepole, kazi ya kama saa nzima, ili resini iachie kalsiamu yote iliyoshika. Halafu resini husuuzwa, na mwisho tangi la chumvi huongezewa maji ya zamu ijayo. Yote hayo ni pistoni moja inayokwenda na kurudi katikati ya sili za mpira. Kwa hiyo mashine ikigoma, fundi ana swali moja: maji yamekosea njia wapi?

Mwenye nyumba humpokea na lake: "Fundi, sabuni haitoi povu tena, na chumvi haipungui."

"Haipungui tangu lini, mama?"

Jibu lolote atakalopewa, haifungui vali. Anafunua tangi la chumvi na kuchoma kwa ufito, maana wakati mwingine chumvi hugandamana juu ikafanya dari, chini yake pakabaki patupu, na mwenye nyumba akidhani tangi limejaa. Kama si hilo, anaisogeza vali kwa mkono hadi hatua ya kunyonya chumvi. Anafungua paipu nyembamba inayotoka kwenye tangi la chumvi na kuweka kidole pale inapoingilia kwenye vali. Vali nzima hukivuta kidole kama mtoto anayenyonya. Ikiwa haivuti, fundi amekwisha kupunguza maradhi hadi mawili ya kawaida: injekta imeziba, au bomba la kutolea maji machafu limebanwa. Bado hajashika spana.

Injekta ni kijidude cha plastiki kinachotoshea ncha ya kidole. Maji yakipita kwa kasi kwenye tundu lake jembamba, huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo ndio unaoyaleta maji ya chumvi bila pampu yoyote. Chembe moja ya mchanga wa kisimani inatosha kuusimamisha. Fundi hukiinua kwenye mwanga, akatazama kwa jicho moja, kisha akakitumbukiza ndani ya siki ili chokaa ilainike. Kijana anayejifunza kazi ananyoosha mkono achukue waya.

"Waya weka chini, mwanangu. Kijiti cha meno."

Sababu anayo. Waya ungelikwangua tundu na kulipanua, na tundu likipanuka kasi ya maji hupungua, mvuto ukafifia. Mashine ingeonekana imepona, kumbe inaosha resini nusunusu kila usiku.

Ikibidi kuingia ndani zaidi, kwa mfano maji yanapotiririka kwenye bomba la taka mchana na usiku, basi ni zamu ya pistoni na sili. Hapo utaratibu ndio ufundi wenyewe. Anayapitisha maji kwenye njia ya pembeni ili nyumba isiyakose, anaondoa mgandamizo uliobaki ndani, anachomoa plagi. Pistoni huvutwa ikiwa imenyooka, bila kupindishwa. Anaipitishia ukucha ubavuni: mkwaruzo usioonekana kwa jicho, ukucha utaukuta. Kisha anatoa sili na vitenganishi vyake, kimoja kimoja, na kuvilaza juu ya kitambaa kwa mfuatano ule ule vilivyotoka. Sili mpya hupakwa grisi ya silikoni, nyembamba kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya petroli ya kujipaka hayaguswi hapa, kwa sababu huvimbisha na kuharibu aina nyingi za mpira.

Kurudisha maji nako kuna adabu yake. Anafungua kidogo, vali ikiwa kwenye hatua ya kuosha, hewa itoke kwa kukohoa kwenye bomba la taka. Anayefungua yote kwa mpigo huipoteza resini kwenye bomba hilo. Baada ya hapo anaipitisha mashine hatua zote huku akisikiliza, anapima maji kwa matone ya dawa ya kupimia ugumu, na mwisho anamwita mwenye nyumba anawe mikono kwa sabuni.

Fundi mzuri pia husema mpaka wa kazi yake. Kisima kilichoingiliwa na bahari kikawa cha chumvi hakiponi kwa mashine hii. Huondoa ugumu, haiondoi chumvi. Kulitamka hilo kunaweza kumnyima kazi, naye hulitamka.

Basi ukimwita, usimlipe kwa kuhesabu vipande alivyobadilisha. Huenda ametumia kijiti cha meno tu. Mlipe kwa alichokijua kabla ya kufungua. Na yule atakayefika na vali mpya kwapani kabla hajaitazama ya zamani, mpe nauli arudi zake.