Shaba Haipimwi kwa Uzito Peke Yake

Jedwali la Tatu la Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 liliruhusu maji taka yanayomwagwa mtoni yabebe miligramu 1 ya shaba katika kila lita. Kosa liko hapo. Mengine yote nitakayoyagusa leo, kuanzia chembe nano za oksidi ya shaba hadi vidimbwi vya samaki vya Imenti Kusini, Meru, yanarudi kwenye mstari huo mmoja.

Tuitazame namba yenyewe kabla ya kuitetea. Mwaka 1904 Moore na Kellerman, wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walichapisha njia ya kuua mwani kwenye mabwawa ya maji ya kunywa kwa salfeti ya shaba. Njia hiyo ingali inatumika. Leo lebo za dawa za shaba za kuulia mwani nchini humo zinamruhusu mtumiaji afike miligramu 1 ya shaba kwa lita, asivuke. Yaani kiwango tulichokiandika sisi kuwa kikomo cha uchafu ndicho wenzetu wanachokiandika kuwa kilele cha dozi ya kuulia. Mwenye bwawa anayetaka mwani wake ufe, na mwenye bomba anayetakiwa asiudhuru mto, wamepewa kipimo kimoja. Sijapata kusikia hoja ya kitaalamu inayoyapatanisha mambo hayo mawili.

Kinachonikera zaidi ni kwamba waandishi wa jedwali hilo walijua la kufanya. Lisomeni tena polepole. Kwa chuma waliandika chuma kilichoyeyuka, miligramu 10. Kwa manganizi vilevile: iliyoyeyuka, 10. Walitambua kwamba metali iliyo ndani ya maji kama ayoni si sawa na metali iliyo ndani ya maji kama vumbi. Walipofika kwenye shaba wakaandika shaba tu, 1.0, wakaendelea na mstari unaofuata. Neno moja walilokuwa nalo mkononi hawakuliweka mahali lilipohitajika kuliko kote, kwa sababu katika orodha ile ni metali chache zinazoua mwani kwa kiasi kidogo kama shaba.

Madhara ya neno hilo kukosekana yanaonekana vizuri katika kazi ya Aruoja na wenzake, iliyotoka Tallinn mwaka 2009. Walitumia jaribio la OECD 201, saa 72, na mwani wa kawaida wa maabara. Oksidi ya shaba ya chembe nano ilipunguza ukuaji kwa nusu ilipofika miligramu 0.71 za shaba kwa lita. Oksidi hiyo hiyo ya chembe kubwa ilihitaji 11.55. Metali moja, fomula moja, tofauti ya mara 16. Sasa iwekeni namba yetu katikati. Miligramu 1 ikiwa ya unga mkubwa, mwani hautikisiki sana. Ikiwa ya chembe nano, kiwango cha kupunguza ukuaji kwa nusu (EC50) kimeshapitwa. Ikiwa ni salfeti iliyoyeyuka yote, hakuna haja ya kuhesabu. Kwa jedwali hilo, mkaguzi mwenye chupa tatu kama hizo ataandika jibu moja katika zote: imekubalika.

Mkulima yeyote wa Runyenjes au Nkubu angelikataa jambo hili kwa kahawa yake. Kiwandani hupandishi gunia kwenye mizani moja kwa moja. Kwanza unamwaga matunda, unachambua mabichi na yaliyokauka, ndipo karani anapima. Uzito unafuata uchambuzi.

Mtetezi wa 1.0 ana jibu lake, nami nalijua kwa sababu nimelisikia mara nyingi: maji taka yakifika mtoni yanachanganyika. Haya, tuchanganye. Jedwali la Kwanza la kanuni hizo hizo lilitaka chanzo cha maji ya nyumbani kisizidi miligramu 0.05 za shaba. Ili lita 1 yenye miligramu 1 ishuke hadi hapo, inahitaji lita 19 za maji yasiyo na shaba hata chembe. Mwezi wa Mei mto Rupingazi unaweza kuzitoa. Mwezi wa Februari, mifereji ya juu ikiwa imeshachukua fungu lake, vijito vingi vya Embu haviwezi. Tena hesabu ya kuchanganya inazifaa ayoni. Chembe hazitii hesabu hiyo: zinagandana, zinatuama kwenye tope la ukingo, na huko zinaendelea kuachia shaba kidogo kidogo, mahali hasa ambapo mwani unaoshika mawe unaishi.

Halafu kuna maji yenyewe. Mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya ina maji laini sehemu za juu, yenye kalisi kidogo, na katika maji laini sumu ya shaba hupanda kwa sababu hakuna kalisi ya kushindana nayo kwenye ukuta wa seli. Hili halikuwa siri mwaka 2006. Marekani ilikuwa imefungamanisha kikomo chake cha shaba na ugumu wa maji tangu miaka ya 1980, na Februari 2007 ikaongeza pH na mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba sayansi ilikuwa bado haijafika. Ilikuwa imefika, na ilikuwa imekaa miaka 20.

Maji ya viwanda vya kahawa yanaongeza utata mwingine, na hapa haki itendeke pande zote mbili. Maji ya kumenyea na kuchachushia kahawa hugeuka kuwa tindikali, pH ikishuka hadi karibu 4. Katika hali hiyo oksidi ya shaba huyeyuka kwa kasi, na mabaki ya dawa ya shaba iliyopigwa kwenye kahawa, yaliyokuwa unga kwenye ganda, yanakuwa ayoni kabla ya kufika mtoni. Upande wa pili, maji hayo yamejaa mabaki ya viumbe ambayo hukamata ayoni na kuzipunguza makali. Nguvu ipi inashinda? Inategemea kiwanda, shimo la kutulizia maji, chokaa iliyotiwa na siku ya mavuno. Hilo ndilo swali ambalo namba 1.0 imelifunga kabla halijaulizwa.

Nije kwenye ugomvi wangu wa zamani, chujio la maikromita 0.45. Maabara zikisema shaba iliyoyeyuka zina maana ya shaba iliyopita kwenye chujio hilo. Desturi hiyo iliwekwa enzi ambazo hakuna aliyekuwa akiuza unga wa shaba wa nanomita 30. Tundu la 0.45 ni nanomita 450. Chembe ya nanomita 30 inapita humo kumi na tano zikiwa zimepanga mstari. Kwa hiyo hata kama waandishi wa 2006 wangeliongeza neno walilolisahau, vipimo vya kawaida vingeandika chembe kuwa ayoni. Lakini angalau tungekuwa na neno la kulisimamia, na kazi ingebaki ya kubadilisha chujio: chujio la kilodaltoni chache, au mfuko wa dayalisisi. Vifaa hivi si vya ajabu.

Waliotufundisha kazi hii hawakuwa na vifaa hata nusu ya hivyo. Mtaalamu wa mimea Karl von Nägeli alifariki mwaka 1891 na andiko lake likatoka 1893. Alikuwa na mwani wa Spirogyra, glasi, maji na vipande vya shaba. Aliona mwani ukifa kwenye maji yaliyogusana na shaba tu, na hakuishia kwenye mshangao. Aliona pia kwamba glasi iliyokwishamwagwa maji hayo iliendelea kuua, kwa kuwa shaba ilikuwa imeshika ukutani. Ndiyo kusema alijua, zaidi ya miaka 130 iliyopita, kwamba kiasi ulichoweka si kiasi ambacho mwani unakutana nacho. Leo bado nasoma taarifa za majaribio ya chembe nano ambayo dozi yake ni ile iliyosomwa kwenye mizani asubuhi ya kwanza, na hakuna aliyepima chupa saa ya 72.

Franklin na wenzake wa shirika la utafiti la CSIRO, Australia, mwaka 2007, ndio ninaowarudia kila mara. Walichukua oksidi ya zinki ya chembe nano, ya chembe kubwa, na kloridi ya zinki, wakazilinganisha kwa mwani mmoja, huku wakipima kwa dayalisisi kilichoyeyuka kweli. Zote tatu zilipunguza ukuaji kwa nusu kwenye takriban maikrogramu 60 za zinki kwa lita. Sumu ilikuwa ni zinki iliyoyeyuka, basi. Jina nano halikuongeza kitu. Mwaka uliofuata Navarro na wenzake wa taasisi ya Eawag, Uswisi, walitia sisteini kwenye majaribio ya chembe za fedha na mwani wa Chlamydomonas reinhardtii: ayoni zikafungwa, sumu ikatoweka, ikabainika kwamba chembe zilikuwa ghala la kutoa ayoni. Hiyo ndiyo kazi iliyosimama. Aruoja mwenyewe yumo katika safu hiyo, maana alipima shaba inayofikika kwa viumbe kwa kutumia bakteria wanaotoa mwanga, na akaangalia kama chembe zinauziba mwani mwanga kabla ya kuzishtaki.

Lawama nyingine yangu, ambayo wasomaji wa zamani wanaijua, ni mwani wenyewe. Raphidocelis subcapitata, aliyetumika katika majaribio ya Aruoja na ya Franklin, alitolewa mto Nitelva, Norwei, mwaka 1959. Amekaa maabara tangu hapo, anakua vizuri, anahesabika vizuri. Sina ugomvi na sifa zake. Lakini anaishi kwenye mchanganyiko wa OECD wenye EDTA, ambayo kazi yake ni kushika metali, na anapotumiwa kutolea hukumu juu ya shaba, sehemu ya shaba imeshashikwa kabla ya jaribio kuanza. Mwani wa mto Kathita hauna EDTA ya kuukinga.

Na shaba huku kwetu ina historia ndefu kuliko neno nano. Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndizo wilaya ambamo serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wachache kupanda kahawa miaka ya 1930. Ugonjwa wa matunda ya kahawa, CBD, ulikuwa umeshaonekana nchini mwaka 1922, na dawa yake ilikuwa shaba, kizazi baada ya kizazi, pampu mgongoni kuanzia kabla ya mvua za masika. Lepp na Dickinson walipopima mashamba ya kahawa ya Kenya na kuchapisha mwaka 1984, walikuta shaba ya dawa imejilimbikiza kwenye udongo na kwenye majani yaliyooza chini ya miti. Aina za kahawa za Ruiru 11 ya mwaka 1985 na Batian ya 2010 zilipunguza haja ya kupiga dawa, na hiyo ni kazi safi. Lakini udongo hausahau, na mvua ya Aprili huubeba.

Inaubeba wapi? Chini ya shamba. Tangu Mpango wa Kuchochea Uchumi wa mwaka 2009, vidimbwi vya samaki vilichimbwa bondeni kote Meru na Embu, na Imenti Kusini ikapata kiwanda cha kusindika samaki pale Kanyakine. Ngege wa kidimbwi anaanzia kwenye ukijani wa maji. Mkulima anatia samadi, anasubiri, kisha anazamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yakifika kiwiko, chakula kipo. Huyu ni mfugaji wa mwani kabla hajawa mfugaji wa samaki. Maji yake yanatoka kwenye mfereji unaopita chini ya kahawa ya jirani na wakati mwingine chini ya kiwanda. Asubuhi moja maji yanakuwa meupe, anaambiwa samadi haitoshi, anaongeza samadi. Hakuna anayempima shaba, na hata akipimiwa akapata miligramu 0.3 kwa lita, kwa jedwali la maji taka la 2006 bomba la juu halina kosa.

Kipimo kinachofaa si kigumu. Oktoba mavuno makuu yakianza, chukueni maji kwenye mdomo wa bomba la kiwanda, mita chache chini yake, na kwenye tope. Gaweni kila sampuli mara tatu: ya kwanza ipimwe shaba yote kwa asidi, ya pili ipite chujio la 0.45, ya tatu ipite chujio la kilodaltoni 3. Pengo kati ya ya pili na ya tatu ndilo la chembe, pamoja na shaba iliyokamatwa na mabaki makubwa ya viumbe. Kisha wekeni mwani uliotolewa Rupingazi au Kathita, katika maji ya mto huo huo yaliyochujwa, bila EDTA, kwa saa 72, na mpime tena shaba mwisho wa jaribio pamoja na iliyoshika kwenye glasi. Kikomo kiandikwe kwa kipimo cha tatu, kifungamanishwe na ugumu wa maji na pH, na kiwe chini ya namba iliyodhoofisha mwani huo. Nisingeshangaa kikitoka kwa maikrogramu.