Mafundi wa Udongo Uliokunywa Petroli

Tangi la chuma lililozikwa chini ya kituo cha mafuta halipasuki kwa kishindo. Kutu hulila kidogo kidogo, kwenye kiungio cha bomba au upande wa chini, na petroli ikachuruzika gizani kwa miezi, pengine miaka. Nchini Marekani, Bunge lilitunga sheria ya matangi hayo mwaka 1984, na tangu hapo mivujo iliyothibitishwa imepita 500,000. Mpita njia akiona usafishaji wa mivujo hiyo, huona kijiko kinachimba na lori linabeba kifusi, akaendelea na safari. Lakini kuchimba ndiyo sehemu ndogo ya kazi hiyo. Sehemu kubwa ni kupima, kungoja, na kupima tena.

Ufundi huanza kabla ya jembe la kwanza. Tangi lililotolewa mafuta linaweza kuwa na hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki humo, ukishachanganyika na hewa, unangoja cheche tu. Kwa hiyo mafundi hunyonya mabaki, kisha hudondosha ndani vipande vya barafu kavu, karibu kilo 2 kwa kila lita 1,000 za ujazo. Barafu hiyo hugeuka kuwa gesi ya kaboni dioksaidi na kuifukuza oksijeni. Kipimo hushushwa juu, katikati na chini ya tangi. Namba zisiporidhisha, hakuna anayefunga mnyororo wa kulinyanyua tangi.

Tangi likishatoka, fundi mzuri hana haraka na shimo. Hulizunguka tangi kwanza, akikwangua kutu na kutafuta tundu. Akilipata hulitia alama, kisha hurudi ukingoni kuangalia tundu hilo lilikuwa limelalia wapi. Udongo nao una tabia zake. Kwenye kichanga petroli hushuka moja kwa moja mpaka ikutane na maji ya ardhini, ielee juu yake. Kwenye mfinyanzi huzuiwa, ikapenya kwenye nyufa au ikafuata mtaro wa bomba la zamani, na kuibukia mahali ambapo hakuna aliyeitarajia.

Je, atajuaje udongo upi ni mchafu? Pua husaidia dakika chache tu, kisha huzoea harufu na kunyamaza. Hapa ndipo unapokuja mfuko mdogo wa nailoni. Fundi hutia udongo hadi nusu, hufunga mdomo, halafu huvunja mabonge kwa vidole akiwa nje ya mfuko. Huuacha kando dakika kadhaa upate joto, mvuke ujikusanye juu ya udongo. Ndipo hutoboa tundu dogo na kuingiza mrija wa kifaa chenye taa ya miale ya urujuanimno, kinachosoma kiasi cha mvuke huo. Huandika namba, mahali na kina, kisha huchukua mfuko mwingine. Ni mwendo huohuo kutwa nzima, na kila mfuko humwambia mwendesha kijiko aende mbele, ashuke au asimame. Udongo safi hulundikwa upande wake. Mchafu huwekwa juu ya karatasi nene ya nailoni. Asiye na subira hubeba vyote pamoja, akalipia hata udongo ambao haukuwa na kosa.

Huo mchafu si lazima utupwe. Bakteria wanaokula mafuta tayari wamo ardhini. Wanachokosa ni mazingira mazuri. Mafundi hupanga udongo kwenye tuta lenye kimo cha mita 1 hadi 3, wakalaza ndani yake mabomba yenye matundu na kulifunika. Mchoma mkaa huziba tanuri lake ili hewa isiingie. Mafundi hawa hufunika vilevile, lakini hewa huivuta ipite katikati. Huongeza mbolea ya naitrojeni na fosforasi, hulinda unyevu usikauke wala usifurike, na huhakikisha uchachu haupiti kiasi. Petroli nyepesi huondoka kwanza kwa mvuke, unaochujwa kabla ya kuachiwa. Dizeli ni nzito, hivyo hutegemea zaidi bakteria. Kazi huchukua kati ya miezi sita na miaka miwili, kutegemea joto na aina ya udongo, na wanaoisimamia hawana la kuonyesha wageni isipokuwa tuta lililofunikwa.

Lakini kungoja peke yake si ufundi. Karibu na Bemidji, Minnesota, bomba la mafuta ghafi lilipasuka tarehe 20 Agosti 1979, likamwaga takriban lita milioni 1.7. Mengi yaliondolewa, mengine yakabaki ardhini, na tangu 1983 wanasayansi wamekuwa wakiyafuatilia. Wamethibitisha kwamba bakteria huyala kweli. Wamethibitisha pia kwamba, yakiachwa bila msaada, miongo minne haitoshi kuyamaliza. Ndiyo maana siku ya mwisho haiamuliwi kwa macho. Sampuli hutiwa kwenye chupa, hupelekwa maabara ndani ya barafu, na hutafutwa hasa benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Fundi anayekubali kusubiri jibu hilo kabla ya kufukia shimo ndiye anayestahili malipo yake.

Kwenu wenye vituo vya mafuta: ukaguzi wa kwanza uko mikononi mwenu. Pimeni tangi kwa fimbo kila asubuhi, linganisheni na mauzo ya jana, muandike. Upungufu ukijirudia siku baada ya siku, msiusingizie mvuke wala wauzaji. Fungeni pampu, muite wapimaji siku hiyohiyo.