Ujamaa na Duka la Mtaani

Mwaka 1920, Eugene Debs aligombea urais wa Marekani akiwa gerezani, akapata kura zaidi ya laki tisa. Ujamaa wake ulidai reli na migodi viwe mali ya umma. Nikisoma hotuba ya Bernie Sanders ya mwaka 2015 pale Georgetown, naona neno limebadilika: sasa ni matibabu kwa wote na chuo bila ada. Duka la mtaani, asema, serikali isilichukue. Inawaondolea wapiga kura woga, lakini inaliacha swali la Debs: mali ni ya nani? Mwaka 2025, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya wa New York akiahidi maduka ya vyakula yanayomilikiwa na jiji. Ni ya majaribio, matano tu. Swali, hata hivyo, ni lilelile.