4,294,967,297: kufuli lililofunguka kwa ufunguo wa tano

Ipandishe 2 hadi kipeo cha 32, ongeza 1, utapata 4,294,967,297. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini namba hii ni tasa. Alikuwa na sababu: namba tano zinazoitangulia katika ukoo wake, 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Njia ya kibarua ni kuijaribu kwa kila tasa iliyo chini ya kipeuo chake cha pili, na tasa hizo ni 6,542. Kwa kalamu na karatasi! Euler alitoa jibu kavu, bila maelezo. Maelezo yalichapishwa miaka mingi baadaye, na kwangu hayo yana thamani kuliko jibu lenyewe.

Tuseme kuna tasa inayoigawanya namba yetu bila baki. Basi 2 kwa kipeo cha 32 imepungukiwa 1 tu ili igawanyike kwa tasa hiyo. Kwa hesabu ya mabaki, ni hasi 1. Izidishe kwa yenyewe: hasi 1 mara hasi 1 ni 1. Kwa hiyo kipeo cha 64 kinabakiza 1. Mabaki ya vipeo vya 2 hujirudia kwa mzunguko, na hapa mzunguko una hatua 64 kamili. Ungekuwa mfupi zaidi, hatua zake zingeigawanya 64, na hivyo 32 pia, basi kipeo cha 32 nacho kingebakiza 1, nasi tumeshaona kinabakiza hasi 1.

Sasa njoo kwa Fermat mwenyewe. Mwaka 1640 alisema kwamba ukichukua tasa isiyo 2, ukaipunguza 1 na kuifanya kipeo cha 2, baki ni 1. Kwa kuwa baki 1 hurudi tu kila baada ya hatua 64, basi tasa yetu, ikipunguzwa 1, lazima igawanyike kwa 64. Fermat kakatwa kwa kisu alichokinoa mwenyewe.

Msako unakuwa mwepesi. Tasa za kwanza zinazozidi kigawe cha 64 kwa 1 ni 193, 257, 449, 577 na 641. Nne zinakataa, ya tano inaingia. (Baadaye mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha kwamba mahali pa 64 panaweza kuwekwa 128. Hapo zinabaki mbili tu, 257 na 641.)

Anayetaka kuhakiki bila kugawanya aanze na 640, ambayo ni 5 mara 128, na ambayo kwa mabaki ya 641 ni hasi 1. Kipeo chake cha nne kinabakiza 1, nacho ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Lakini 625 imepungua 16 kuifikia 641, basi weka hasi 16 mahali pake. Inatoka hasi ya 2 kwa kipeo cha 32, na baki bado ni 1. Kwa hiyo 2 kwa kipeo cha 32 yenyewe inabakiza hasi 1; iongeze 1, baki inakuwa sifuri.

Kigawo cha pili cha namba yetu, baada ya 641, ni 6,700,417. Je, nacho ni tasa? Sharti ni lilelile la 64, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Zinabaki tasa saba za kujaribu: 641 kwa mara nyingine, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Hakuna hata moja inayoingia.