Nguli Anayetia Shaka: Riwaya ya Mapenzi ya Kiswahili na Msomaji wa Arua na Koboko

Uhakiki wa riwaya ya mapenzi ya Kiswahili umebadili swali lake. Awali swali lililotawala lilikuwa: msichana alipotokea wapi? Siku hizi linaulizwa jingine: mwanamume huyu alipewa na nani ruhusa ya kutenda hivi, na kwa nini masimulizi yanamsamehe? Makala haya yanafuatilia mabadiliko hayo katika riwaya tatu, kisha yanapima maana yake kwa Arua na Koboko.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilizuiwa shuleni Tanzania kwa muda, kisha ikaja kufundishwa. Usomaji uliozoeleka humweka Zakaria, baba mkali na mlevi, kwenye kiini: ukali wake ndio uliomwandalia Rosa anguko. Usomaji huo una haki yake, lakini unaacha pengo. Deogratias, mwenye cheo anayemlaghai binti wa shule, anapita kama ajali ya njiani. Charles anasumbua zaidi, kwa sababu anatokea kama mchumba mwema. Wema wake unakoma anapogundua kwamba Rosa si bikira. Msomaji wa leo anapomhoji Charles, hapotoshi riwaya. Anaisoma hadi mwisho.

Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), Idi anayageuza mapenzi ya Bahati kuwa ngazi ya kuufikia utajiri wa mzee Mwinyi. Hapa hila iko wazi. Denge wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) ni mtihani mgumu zaidi. Si laghai; ni mpigania uhuru. Hata hivyo Yasmin, aliyeikimbia ndoa ya mzee Raza, anajikuta akimpenda mtu ambaye harakati zinamtangulia yeye daima. Je, lengo tukufu linafuta deni la moyo? Uhakiki wa zamani ungejibu upesi. Wa sasa unasita, na kusita huko ni faida.

Nile Magharibi inaliongezea swali hili uzito wake. Kiswahili kilifika huko kwa njia kadhaa, kubwa mojawapo ikiwa jeshi: King's African Rifles iliandikisha vijana wengi wa eneo hilo, na jamii ya Wanubi ikaendelea kuwa daraja kati ya kambi na mji. Utawala wa Idi Amin (1971–1979), ambaye nasaba yake inahusishwa na Koboko, uliifanya lugha hii isikike kwa Waganda wengi kama sauti ya mtu mwenye bunduki. Amin alipoanguka, watu wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan. Kwa hiyo Kiswahili cha mpakani si cha kambi pekee. Ni cha soko na cha ukimbizi pia. Nguli anayeamuru ili apendwe hawezi kusomwa huko kama mapambo ya hadithi. Amri ya mpenzi na amri ya askari zinaweza kutumia kitenzi kilekile.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Vitabu vitahitajika, na hatari ni mbili: kuviteua kwa ufasaha wa lugha tu, au kuviondoa vyote vyenye wanaume wabaya. Katiba ya 1995 inataka wanaooana wawe na umri wa miaka 18 na waridhie kwa hiari. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ni ya 2010. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilibatilisha desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika. Mwanafunzi anaweza kuwapima Raza na Charles kwa vipimo hivyo.

Itapingwa kwamba kusoma hivyo kunaigeuza riwaya kuwa shauri la mahakama. Pingamizi hilo lina uzito. Utamu wa maneno ya Idi lazima uonjwe kwanza, maana asiyeuonja hataelewa Bahati alinaswa vipi. Kwa hiyo wanaoandaa miongozo ya walimu wasianze na hukumu. Waanze kwa kuuliza: nguli huyu anavutia kwa nini, na gharama ya mvuto huo inalipwa na nani? Kitabu kilichozuiwa hakimfundishi binti wa Koboko kumtambua Charles wake.